Unyoya Kwenye Ndoana: Kutoka Makedonia Hadi Mto Mara

Siku chache baada ya mwezi kuandama, wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Shirati hadi Musoma, huona kitu kama moshi mweusi kikiinuka juu ya maji. Ni makundi ya wadudu wadogo wa ziwani. Mabuu yao hukulia matopeni chini ya maji, na wakati wa kuruka ukifika huanza kupanda juu. Njiani humo samaki huwasubiri, na wengi hawafiki.

Katika kupanda huko ndimo ulimozaliwa uvuvi wa ndoana yenye unyoya: kumwonyesha samaki mdudu anayemfahamu, mahali anapomtarajia. Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeishi karibu mwaka 200 baada ya Kristo, aliwaeleza watu wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuitia manyoya mawili ya jogoo. Mwaka 1496 Waingereza walichapisha kitabu cha uvuvi wa mshipi chenye orodha ya nzi bandia 12.

Huku kwetu nzi hao walikuja kwa mguu wa mlowezi. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya. Trauti walifuatwa na fimbo, mishipi na nzi. Baadaye mikono ya Waafrika ikachukua kazi yenyewe, na hadi leo mafundi wa Kenya hufunga nzi wanaouzwa kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani.

Mwaka huohuo wa 1905, nyavu za makila ziliingia Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Nyavu ndizo zilizoshika ziwa. Ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alianza kuadimika mapema kiasi kwamba mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alitumwa kulichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, akapendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Ikaja nailoni, akaja sangara katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi mno walikuwa wametoweka. Leo tunahangaika na makokoro yanayozoa hadi vifaranga. Ndoana ndogo iliachiwa watoto wenye ufito na mnyoo, na kwa maoni yangu hapo tulipoteza kitu cha maana, kwa sababu ndoana huvua samaki mmoja mmoja na mvuvi anaweza kumrudisha mchanga akiwa hai.

Nzi wa kuzama hahitaji duka la Ulaya. Chukua ndoana ndogo, ibane kwa koleo, kisha uzungushie uzi mweusi wa cherehani kuanzia karibu na tundu hadi mwanzo wa pindo. Rudi na uzi huo ukijenga mwili mwembamba. Mwili mnene ndio kosa la kila mwanafunzi. Karibu na tundu shikiza unyoya mmoja wa shingo ya tetea, uzungushe mara mbili, ulaze nyuzi zake nyuma, funga fundo. Unyoya wa tetea ni laini, hunywa maji na kuzama, na ukivutwa polepole hucheza kama miguu ya mdudu. Wa jogoo ni mkavu na mgumu, hufaa nzi wa kuelea. Tone la rangi ya kucha juu ya fundo linatosha kulilinda na meno ya furu.

Sato na furu humshika nzi huyu, na kuyu pia. Mtupe, mwache azame, kisha mvute taratibu, kidogo kidogo. Samaki wengi huuma nzi akiwa anapanda.

Mto Mara, unaotenganisha wilaya za Tarime na Serengeti, unataka adabu yake. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti hakuna ruhusa ya kuvua. Nje ya hifadhi kuna mamba wakubwa, kwa hiyo usiingie majini wala usisimame ukingoni ukiinama. Pia maji yenyewe yamewahi kuharibika: Machi 2022 yalibadilika rangi na kunuka, samaki wakafa, na kamati ya serikali ikasema oksijeni ilikwisha kwa sababu ya kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza, maelezo ambayo wengi hawakuridhika nayo.

Kwa hiyo nawaomba maafisa uvuvi wa Tarime na Serengeti waanze na mabwawa badala ya mto. Watenge sehemu salama ya ukingo, watoe vibali kwa vijana, na wawafundishe kufunga nzi kabla hawajajifunza kuvuta kokoro. Nawe msomaji, kabla ya kutupa mshipi popote, pita kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako uulize leseni.