Dawa ya Moto ni Moto?

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Ni methali tamu kinywani mwa aliyeibiwa, nami nimewahi kuuonja utamu wake. Miaka michache iliyopita, diwani niliyoifasiri kwa muda wa miaka minne ilianza kuzagaa mitandaoni bila ya malipo wala idhini, kurasa zake zimepigwa picha moja moja, na jina la mfasiri limekatwa. Kijana mmoja wa mtaani petu, fundi wa kompyuta, akanifuata barazani. "Maalim," akanambia, "niachie mimi. Nitatengeneza faili lifanane na kitabu chako, nilitie kirusi, kisha nilitupe humo humo wanamochukulia. Atakayelifungua, kompyuta yake haiwaki tena." Sikumjibu siku ile. Nakiri kuwa jibu lililonijia mwanzo lilikuwa "haya, fanya". Lakini kabla ya kulitamka nilitaka kujua habari za waliokwisha kuipita njia hiyo. Niliyoyapata ndiyo haya.

Chimbuko lake ni Marekani. Mwaka 1999 ulizuka mtandao wa Napster, uliowawezesha watu kupeana nyimbo kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Makampuni ya muziki yalishitaki, na Julai 2001 Napster ikazimwa. Mahali pake pakaota mitandao mingine isiyokuwa na kitovu, ambayo haikuwa na mlango mmoja wa kufungwa. Hapo ndipo wenye mali walipoanza kutega mitego. Mtego mwepesi kuliko yote ulikuwa faili bandia. Aprili 2003, waliodhani wanapakua nyimbo mpya za Madonna walikuta sauti yake mwenyewe ikiwakaripia. Wajuzi wa kompyuta wakalipiza: waliivamia tovuti yake na kuziweka humo nyimbo zile zile, bure. Mtego wa aina hii naufananisha na sanamu la kuwingia ndege katika bonde la mpunga. Linahadaa, lakini halimvunjii ndege kiota chake.

Wengine walitaka zaidi ya hapo. Julai 2002, Mbunge Howard Berman wa California aliwasilisha mswada wa kuwakinga wenye haki miliki wasishitakiwe pindi wakiivuruga mitandao iliyokuwa ikigawa kazi zao. Sababu ya kuitaka kinga hiyo iko wazi: tangu 1986 Marekani ina sheria inayokataza kuingia katika kompyuta za watu bila ya idhini na kuzidhuru. Mswada haukupita. Juni 2003, Seneta Orrin Hatch, ambaye naye alikuwa mtunzi wa nyimbo, alisema katika kikao cha kamati kwamba kuziharibu kompyuta za wakaidi pengine ndiyo njia pekee ya kuwatia adabu. Haukupita muda akailegeza kauli yake. Nilipoisoma habari hiyo niliona haya, kwani yalikuwa maneno ya yule fundi, na kwa siku kadhaa yalikuwa yangu pia.

Kisa kilichonifumbua macho kilikuja baada ya hapo. Tarehe 31 Oktoba 2005, mtaalamu Mark Russinovich alitangaza kuwa amekuta programu iliyojificha ndani ya kompyuta yake. Alipoifuatilia, asili yake ilikuwa CD ya muziki aliyoinunua kwa pesa zake, iliyotolewa na Sony BMG. CD hiyo, ikitiwa katika kompyuta, ilipandikiza programu ya kuzuia kunakili, pamoja na nyingine ya kuificha ile ya kwanza machoni pa mwenye kompyuta. Mkataba uliojitokeza kwenye kioo haukulitaja jambo hilo. Faili lolote ambalo jina lake lilianza kwa alama $sys$ halikuonekana tena, na punde si punde watengeneza virusi nao wakajisitiri nyuma ya pazia hilo hilo. Hata chombo ambacho kampuni ilikitoa ili kuiondoa programu kilifungua tundu jengine la hatari. Albamu 52 zilikuwa na programu hiyo, na CD zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimeshauzwa. Kampuni ikaziondoa madukani, jimbo la Texas likaishitaki, na Januari 2007 ikafikia mapatano na serikali ya Marekani ya kuwalipa hadi dola 150 wale ambao kompyuta zao zilidhurika.

Msomaji, hebu tutue kidogo hapa. Aliyeupakua muziki ule mitandaoni kwa wizi hakuipata programu hiyo. Aliyeipata ni yule aliyekwenda dukani, akatoa pesa, akarudi nyumbani na risiti yake. Mtego ulimpita mwizi ukamnasa mgeni aliyebisha hodi.

Haikuwa ajali ya mara moja. MediaDefender ilikuwa kampuni iliyokodiwa kuyajaza mafaili bandia katika mitandao. Septemba 2007 maelfu ya baruapepe zake za ndani yalivujishwa, na kampuni iliyoishi kwa siri ikaanikwa juani. Mei 2008 mafuriko ya maombi kutoka katika seva zake yaliiangusha Revision3, kampuni iliyokuwa ikisambaza vipindi vyake yenyewe, kwa njia ya halali.

Ama kisa cha Prenda ndicho kinachoonyesha njia hii inapoishia. Wanasheria wawili, John Steele na Paul Hansmeier, walizitia wenyewe filamu za ngono katika tovuti ya Pirate Bay, wakangoja zipakuliwe, kisha wakawatisha waliozipakua kwa kesi ili walipe waepukane na aibu. Baina ya 2010 na 2013 walijipatia kiasi cha dola milioni 6. Mwaka 2019 Hansmeier alihukumiwa kifungo cha miaka 14, na Steele miaka 5. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kwetu Zanzibar tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na Jamhuri ya Muungano ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ya kwanza inaniita mwenye haki. Ya pili inaniambia kuwa kuingia katika kompyuta ya mtu bila ya ruhusa ni kosa, na kuibiwa kwangu hakunipi ruhusa hiyo. Atasema msemaji kuwa mahakama ni ndefu na mshairi ni fukara. Ni kweli, na sina jibu la kumfariji. Lakini mlango wa mahakama ukiwa mzito, haujanipa ufunguo wa nyumba ya jirani.

Sisemi kuwa kila siri ni dhambi. Mwaka 2004, alama zilizotiwa katika nakala za filamu walizopelekewa wapiga kura wa tuzo za Oscar zilimfichua mwanachama aliyezivujisha, naye akafukuzwa. Alama ile ilikaa ndani ya mali ya mwenyewe, haikumdhuru mtu, na aliyeivunja amana ndiye aliyeshikwa. Washairi wetu wa kale waliijua hekima hiyo, tena kwa uwazi zaidi: wengi wao walilitia jina lao katika beti za tamati, ili shairi lendapo lende na mwenyewe. Mnakili akitaka kulifuta jina, hana budi kulivunja shairi.

Nilimwita yule kijana nikamwambia hapana. Nilimwambia kuwa miongoni mwa watakaolifungua faili lake yumkini atakuwemo mwanafunzi wa Pemba ambaye hajui kuwa kitabu kile kina mwenyewe, kwa kuwa jina alikatiwa na mwengine. Huyo hakuniibia. Badala ya kirusi, tulitengeneza nakala safi, yenye jina langu katika kila ukurasa na maelezo ya pahala pa kununulia, na hiyo ndiyo tuliyoitupa humo mitandaoni. Wezi wangali wakiiba, na hasara ningali nayo. Lakini anayenisoma leo ananijua jina, na hakuna nyumba niliyoingia bila ya kupiga hodi.