Melba Liston: Mwanamke wa Tromboni na Kalamu

Mwaka 1956, mpiga tarumbeta wa jazi Dizzy Gillespie alipounda bendi ya kuzuru Mashariki ya Kati kwa udhamini wa serikali ya Marekani, baadhi ya wanamuziki walinung'unika: kwa nini aletwe mwanamke? Gillespie hakubishana nao. Aliagiza zipigwe nota alizoandika mwanamke huyo, Melba Liston. Hawakufika mbali, wakakwama. Manung'uniko yakaishia hapo.

Liston alizaliwa Kansas City tarehe 13 Januari 1926, akapata tromboni akiwa na miaka 7. Sauti ya chombo hicho hubadilishwa kwa kusukuma na kuvuta mrija. Mikono yake ilikuwa mifupi, hivyo ili kuufikisha mrija mbali ilimbidi ageuze kichwa pembeni. Alijifunza kwa kusikiliza. Alipofikisha miaka 16, familia ikiwa imeshahamia Los Angeles, tayari alikuwa mwanamuziki wa kulipwa. Baadaye, katika bendi ya Gerald Wilson, akakomaa katika kupanga muziki: kuamua tarumbeta zipige nini, saksafoni ziitikie wapi na nani anyamaze.

Njia haikuwa rahisi. Ziara aliyofanya na mwimbaji Billie Holiday kusini mwa Marekani mwaka 1949 ilikosa watazamaji na fedha. Liston aliacha muziki, akafanya kazi ya ukarani hadi Gillespie alipomwita kwa ziara ile ya 1956.

Mwaka 1958 alirekodi albamu yake, Melba Liston and Her 'Bones. Hata hivyo, alama yake kubwa zaidi imo katika kazi za wenzake. Yeye ndiye aliyepanga muziki wa Uhuru Afrika, albamu ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwaka 1960. Humo Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasikika akighani kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku.

Aliwapangia muziki pia Quincy Jones na wasanii wa kampuni ya rekodi ya Motown, na miaka ya 1970 akafundisha Jamaika. Mwaka 1985 kiharusi kilimnyang'anya tromboni, lakini aliendelea kupanga muziki kwa kompyuta, ukiwemo wa albamu nyingine za Weston, hadi miaka ya 1990. Alifariki mwaka 1999.

Jina la mpangaji wa muziki huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada. La Liston lastahili kutajwa sambamba na majina ya mbele, kwa kuwa muziki tunaowasifia wao ulipita kwanza mikononi mwake.