Timu ya Zambia na Mji wa Libreville

Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyochukua timu ya taifa ya Zambia kwenda Senegal ilianguka baharini karibu na Libreville, mji mkuu wa Gabon. Watu wote 30 walikufa, wakiwamo wachezaji 18. Kalusha Bwalya, aliyekuwa akicheza Ulaya, hakuwamo. Akawa nahodha wa timu mpya. Mwaka 1994 timu hiyo ilifika mchezo wa mwisho wa Kombe la Afrika, ikashindwa na Nigeria 2-1. Tarehe 12 Februari 2012, katika Libreville ile ile, Zambia iliishinda Kodivaa kwa penalti 8-7, ikatwaa kombe kwa mara ya kwanza. Ushindi haufufui wafu. Ila ulionyesha kuwa kazi waliyoianza ilipata warithi.