Mlango wa Mwaka wa Nne

Katika kila nchi ziko njia ambazo vijana huzidhania kuwa fupi za kufikia sifa na utajiri. Huko Marekani, mojawapo ya njia hizo ni mpira wa kikapu. Mchezo huu hulelewa katika vyuo vikuu, na kutoka vyuoni wachezaji huteuliwa kuingia katika ligi ya malipo iitwayo NBA. Basi, msomaji, yafaa tuulize: kijana aliyemaliza miaka minne chuoni, akacheza vizuri na kushangiliwa, ana nafasi gani ya kuishi kwa mchezo huo? Jibu la swali hili limebadilika sana tangu zamani, na mabadiliko yenyewe yana mafunzo kwa kila aliye shuleni.

Mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Alitaka mchezo ambao wanafunzi wake wangeweza kuucheza ndani ya jengo wakati wa baridi kali. Vyuo viliupokea mapema, na kwa miaka mingi sifa ya mchezo ilikuwa ya vyuo. Ligi ya malipo ilikuja nyuma: ilianzishwa mwaka 1946, ikapata jina la NBA mwaka 1949. Uteuzi wa kwanza wa wachezaji ulifanywa mwaka 1947. Katika uteuzi huo kila timu hupewa zamu yake ya kuchagua, ili timu zisigombee vijana kama wachuuzi wagombeavyo mnunuzi.

Zamani sheria ilikuwa wazi. Mchezaji hakuruhusiwa kuingia katika ligi kabla ya kupita miaka minne tangu darasa lake lilipomaliza shule ya sekondari, na miaka minne ndiyo muda wa masomo ya shahada. Wilt Chamberlain, mmoja wa wachezaji wakubwa waliopata kutokea, aliondoka Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1958, hali mwaka mmoja ulikuwa umesalia. NBA haikumpokea. Ikambidi acheze na timu ya maonyesho ya Harlem Globetrotters, akaingia katika ligi mwaka 1959. Hivyo mwaka wa nne ulikuwa mlango wa wote. Haukuwa mpana, maana mwaka 1960 ligi nzima ilikuwa na timu 8 tu. Lakini waliosimama mbele yake walikuwa wa rika moja, na aliyekataliwa alikuwa amekwisha kupata shahada au ameikaribia.

Aliyeivunja sheria hiyo alikuwa Spencer Haywood, mtoto wa jamaa maskini ya wachuma pamba katika jimbo la Mississippi. Mwaka 1969 aliacha chuo, akaingia katika ligi nyingine ya malipo, na mwaka 1970 akahamia timu ya Seattle ya NBA. Ligi ikamkataza kwa kuwa miaka yake minne haikutimia. Haywood akashitaki. Shauri lilifika hata Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971, ambako alipata idhini ya kuendelea kucheza, kisha ligi ikakubali suluhu. Usiharakishe kumlaumu, msomaji. Vyuo vilipata fedha kwa jasho la vijana ambao havikuwalipa mshahara, na sheria iliyoonekana kulinda elimu ilikuwa pia inamzuia maskini kuuza kazi ya mikono yake.

Mlango ulipofunguliwa haukufungika tena. Kwanza ruhusa ilitolewa kwa wenye shida tu. Tangu mwaka 1976 ikawa ya yeyote aliyetaka. Mwaka 1995 Kevin Garnett aliteuliwa moja kwa moja kutoka shule ya sekondari, na wengine wakamfuata. Mwaka 2005 ligi na wachezaji wakapatana kwamba kijana lazima awe na umri wa miaka 19, na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake lilipomaliza shule. Kwa hiyo wengi wa wale walio hodari kabisa hukaa chuoni mwaka mmoja, wakaondoka.

Matokeo yake ni ya ajabu. Miaka minne iliyokuwa sharti la kuingia imekuwa kama shaka juu ya mchezaji. Wenye timu hufikiri hivi: kijana wa miaka 19 angali anakua, na huenda akawa bora mara mbili, wa miaka 22 amekaribia mwisho wa kukua kwake. Tena, kama ni hodari, mbona hakuchukuliwa mapema? Wazee wetu walisema mvumilivu hula mbivu, lakini katika soko hili wanunuzi hupenda mbichi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyeteuliwa wa kwanza kabisa mwaka 2000 ni Kenyon Martin wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, naye alikuwa amevunjika mguu miezi michache kabla yake. Tangu hapo hata mwaka 2025 hakutokea mwingine.

Sasa tufanye hesabu. Vyuo vya daraja la kwanza ni zaidi ya 350. Tukikadiria wachezaji 13 kwa kila chuo, tunapata zaidi ya 4,500. Tukisema robo yao wako mwaka wa mwisho, hao ni zaidi ya 1,100. Nafasi za uteuzi kwa kawaida ni 60 kwa mwaka. Hata kama zote zingekuwa zao, wasingepita 6 katika kila 100. Wala si zao zote, maana nyingi huchukuliwa na vijana wadogo zaidi na wachezaji wa nchi za nje. Na ateuliwaye katika duru ya pili hana hakika ya kupata mkataba.

Hata hivyo wako waliopenya. Draymond Green alimaliza miaka minne Michigan State, akateuliwa wa 35 mwaka 2012, akawa nguzo ya timu ya Golden State iliyotwaa ubingwa mara nne. Fred VanVleet alimaliza miaka minne Wichita State, hakuteuliwa na timu yoyote mwaka 2016, na mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa mabingwa wa Toronto. Wengine huenda kucheza Ulaya, Uturuki au Uchina. Na tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, hata wengine huona heri kubaki chuoni.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliondoka Chuo Kikuu cha Connecticut baada ya miaka mitatu, akateuliwa wa pili mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Msimu wake wa kwanza haujaisha alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo, na kufikia mwaka 2014 siku zake katika NBA zilikuwa zimekwisha. Kuteuliwa juu si kudumu. Dikembe Mutombo wa Kongo alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Alipata shahada yake mwaka 1991, akateuliwa wa nne mwaka huo huo, akacheza misimu 18. Udaktari hakuupata, lakini alijenga hospitali Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2007 kwa jina la mama yake. Alifariki mwaka 2024.

Sikukatazi kucheza, msomaji. Mchezo ni kazi ya halali, na mwenye kipawa ana haki ya kukitumia. Lakini mguu huvunjika, na mteuzi hubadili nia yake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Katika wale 1,100 na zaidi wanaofika mwaka wa nne kila mwaka, walio wengi watautazama uteuzi mpaka jina la mwisho lisomwe, na majina yao hayatasomwa. Kesho yake wataamka na kitu kimoja walichokipata chuoni, kama walikishika: elimu yao.