Akiba Haiozi: Shauri la Ghala la Dunia

Wahenga walisema akiba haiozi. Mkulima mwenye ghala ajua maana ya maneno hayo: wakati wa mavuno chakula huwa tele na bei hushuka, wakati wa kiangazi chakula huadimika na bei hupanda, naye hupita baina ya nyakati hizo mbili pasipo kuomba. Yafaa kuuliza kwa nini hekima iliyo wazi kwa mkulima mmoja imekuwa nzito kwa mataifa. Sehemu ya jibu imo katika historia ya shauri lililotolewa mwaka 1946 na kukataliwa mwaka uliofuata.

Mwenye shauri alikuwa John Boyd Orr, tabibu wa Uskoti na mtaalamu wa lishe. Jina lake si geni kwetu Afrika Mashariki, kwani mwaka 1931 yeye na J. L. Gilks walitoa taarifa ya uchunguzi juu ya chakula na afya ya Wamasai na Wakikuyu. Mwaka 1936 alionyesha kwamba karibu nusu ya watu wa Uingereza, nchi tajiri, hawakupata chakula cha kuwapa afya kamili, na kwamba upungufu huo ulifuatana na mapato yao. Njaa, basi, yaweza kukaa karibu na duka lililojaa.

Ushahidi mchungu zaidi ulitokea mwaka 1943. Wajumbe wa mataifa 44 walikutana Hot Springs, Marekani, kuzungumza habari za chakula na kilimo. Mwaka huohuo njaa kuu iliingia Bengali, bei ya mchele ikawapita vibarua na wavuvi, na watu wapatao milioni mbili hata tatu wakafa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Mkutano ule ulizaa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, mwaka 1945, na Boyd Orr akawa Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza.

Septemba 1946, mjini Copenhagen, alipendekeza Bodi ya Chakula ya Dunia. Bodi hiyo ingenunua nafaka bei ishukapo na kuuza ipandapo, ingeweka akiba ya dharura, na ingeyapa mataifa maskini ziada kwa masharti nafuu. Marekani haikupenda kukabidhi fedha na mamlaka kwa chombo isichokitawala. Uingereza, iliyonunua chakula kingi ng'ambo, ilihofia bei kupanda. Mwanzoni mwa 1947 shauri lilikwisha.

Haikuwa kwamba fedha hazikuwapo. Mwaka huo wa 1947 Uingereza ilianza mradi wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ili kuwapatia watu wake mafuta ya kula. Ekari zaidi ya milioni tatu zilikusudiwa. Udongo ulikuwa mgumu, mvua haba. Mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza paundi milioni 36 hivi. Serikali iliyokuwa tayari kugharimia chakula chake peke yake haikuwa tayari kukitawala pamoja na wenziwe.

Boyd Orr aliondoka FAO mwaka 1948, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Mahali pa ghala pakashikwa na msaada: sheria ya Marekani ya mwaka 1954 ya kugawa ziada ya mazao, kisha Mpango wa Chakula Duniani mwaka 1961. Msaada huo umeokoa roho nyingi, wala si haki kuudharau. Walakini hutegemea ridhaa ya mtoaji, nayo hupungua pale haja inapozidi. Bei zilipopaa mwaka 2007 na 2008, India na Vietnam zilizuia mchele wao usitoke. Katika Haiti, ghasia za njaa zilimwondoa Waziri Mkuu.

Wapinzani husema bei za dunia hazishikiki, nao wana ushahidi: migao ya mkataba wa kahawa ilivunjika mwaka 1989. Lakini kuweka akiba ya dharura ni kazi ndogo kuliko kutawala bei zote. Nchi za ASEAN pamoja na China, Japani na Korea Kusini zimekuwa na mkataba wa akiba ya mchele tangu 2012.

Mataifa yameahidi kukomesha njaa ifikapo 2030, hali Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa wenye njaa mwaka 2024 walikuwa milioni 673. Kwa maoni yangu, ahadi hiyo yahitaji mambo matatu kwanza: akiba ya nafaka katika kila kanda, sheria ya kuifungua iliyokubaliwa kabla ya janga, na kiapo cha wauzaji wakubwa kutofunga milango wakati wa dhiki. Hayo yote ni sehemu ndogo tu ya yale aliyoyaomba Boyd Orr. Mataifa yaliyomkatalia yalikuwa na shibe. Waliolipa gharama ya kukataa hawakuulizwa.