Gari Limepona, Bei Haijapona

Wasee, leo tuongee historia, ile inayogusa mfuko. Gari likigongwa, fundi akanyoosha bodi na rangi ikakubali, bado kuna pesa imepotea hapo. Siku ya kuuza, mnunuzi akijua tu liligongwa, anakata bei. Hiyo tofauti mara nyingi inabaki kwako, na chanzo chake ni cha zamani.

Uingereza ililazimisha wenye magari kuwa na bima kwa sheria ya 1930. Huku kwetu serikali ya mkoloni ikafuata na ile tunaiita Sura 405, ya mwaka 1945. Ndiyo hadi leo inakufanya ulipie thadi pati. Sasa angalia inachodai: kifo au majeraha ya mtu. Basi. Gari la mwenzako ulilolibonda haliko kwenye hiyo lazima, na lako ndio kabisa. Mimi sioni ubaya wa kuanza na mwili wa binadamu. Shida ni kwamba mabati yaliachiwa bima kubwa, na huo ni mkataba unaoandikwa na kampuni yenyewe. Chukua mkataba wa kawaida, nenda pale kwenye mambo wasiyolipa (najua, hakuna mtu husoma hapo). Utakuta uchakavu, na kando yake kushuka kwa thamani. Gereji italipwa, wewe ubaki na gari lenye kovu.

Kuna mahali watu walikataa hii kitu. Jimbo la Georgia, Marekani, wenye magari waliishtaki State Farm, na mwaka 2001 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba kinachopimwa ni thamani ya gari, sio tu kama limerudi kuonekana sawa. Kampuni ikaambiwa ikikagua uharibifu, ikague pia bei iliyopotea, hata kama mteja hajaomba. Na majaji hawakuitoa hewani. Walirejelea hukumu ya hapo hapo Georgia ya 1926! Yaani kabla Sura 405 izaliwe, kuna korti ilikuwa imeshaona hili tatizo.

Sisi tatizo letu liliongezeka miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na magari ya mitumba ya Japani yakajaa Mombasa. Kule Japani, kabla gari liuzwe mnadani, mkaguzi analipa daraja kwenye karatasi. Likiwa liligongwa hadi fremu ikatengenezwa, linaandikwa R au RA, kila mnunuzi aone. Likishafika kwa yadi Ngong Road, hiyo karatasi huioni mpaka uiulizie. Logbuku yetu inataja chasisi, injini, rangi na mwaka. Ajali haitaji.

Hata yale yanayogongwa hapa hapa yanapitia njia hiyo. Kampuni ikiona kutengeneza ni ghali kuliko gari lenyewe, inamlipa mwenyewe, inachukua mabaki na kuyatangaza gazetini, anayetoa bei ya juu achukue. Mengine yanakatwa spea Grogan. Mengine yananyooshwa, yanarudi barabarani, na wewe unaliona mtandaoni limeoshwa vizuri: "halijawahi kuguswa, mwenye gari ni mwanamke."

Kinachoniudhi zaidi ni hivi: muuzaji mkweli ndiye anaumia. Aliyeweka ripoti ya asesa, risiti za gereji na picha anakatwa bei, halafu yule aliyechoma zake anauza bei kamili. Kwa hivyo mnaotafuta Vitz ya kwanza, muulize wa yadi namba ya chasisi na karatasi ya mnada kabla hamjafika kwa bei ya mwisho. Akianza kuzungusha stori, mwende yadi inayofuata. Na ukikuta muuzaji anakutolea faili la gereji bila kuulizwa, usimkamue sana. Mpeleke fundi wako aangalie fremu, halafu muongee bei kama watu.