Daktari Christie na Njia ya Kipindupindu

Kipindupindu kilipozuka mjini Unguja mwishoni mwa mwaka 1869, ingalikuwa rahisi kuyalaumu majahazi. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu watu mjini humo, hakutosheka na dhana. Aliwahoji wenye misafara: ugonjwa waliukuta wapi, na wakati gani? Akayapanga majibu yao kwa mahali na majira, yakamwonyesha kwamba maradhi yalishuka kwa njia ya bara, kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, ndipo yakavuka bahari. Tena hayo aliyafanya kwa masikio na kalamu tu, kabla Robert Koch hajatangaza kijidudu cha ugonjwa huo mwaka 1884. Lakini kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876, na kisiwani maelfu walikuwa wamekwisha kuzikwa.